Kazi ya nyumbani Lubumbashi: karatasi ya shefu na masharti ya lupango

Mashauri mengi kuhusu kufanya kazi nyumbani huanza na kuamka mapema, kuoga, na kuvaa kana kwamba unakwenda ofisini. Ni mazuri, ila hayajawahi kumlipia mtu mega, yaani bando la intaneti. Mimi ni mama wa RH, yaani rasilimali watu, katika wakala mmoja wa transiti hapa Lubumbashi. Malori ya wateja wetu yanatoka Dar es Salaam na Durban, yanapitia Kasumbalesa kwenye mpaka wa Zambia, na watu wetu wanaandaa makaratasi yake ya forodha. Tangu mwaka 2020, Korona ilipotufungia mji, sehemu ya ofisi hufanya kazi nyumbani siku kadhaa za wiki, nami ndiye niliyepewa kuandika kanuni zake. Malalamiko ya wafanyakazi yanapita mezani kwangu, ya wakubwa pia. Kwa hiyo nasema: kabla ya tabia njema, patana na pande mbili. Upande wa kwanza ni mwajiri wako, naye ni kwa maandishi. Wa pili ni lupango, yaani kiwanja na watu unaoishi nao, na huko ni kwa mdomo, lakini bila aibu.

Karatasi kwanza

Shefu akikuambia "wewe fanyia nyumbani tu, hakuna shida", mshukuru, kisha omba avenanti, yaani nyongeza ya maandishi kwenye mkataba. Ahadi ya mdomo ina mguu: siku shefu anapohamishiwa Kolwezi inakwenda naye, na shefu mpya atauliza kwa nini kiti chako kiko tupu. Ukurasa mmoja unatosha. Uandikwe ni siku zipi uko nyumbani, zipi uko ofisini, saa gani unaanza na kumaliza, nani amenunua nini, na mpango huu unavunjwa vipi.

Sheria ya kazi ya Kongo, ile ya tarehe 16 Oktoba 2002 iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka kikomo cha saa 9 kwa siku na saa 45 kwa wiki. Kuhamisha kompyuta hadi sebuleni hakubadilishi hesabu hiyo. Mama anayenyonyesha ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku, na haki hiyo haipotei eti kwa sababu mtoto yuko chumba cha pili. Nimesikia mkubwa akisema "si yuko naye nyumbani siku nzima?" Kuwa naye nyumba moja si kumnyonyesha.

Andikeni pia anwani kamili ya mahali utakapofanyia kazi: komini, avenyu, namba. Wengi wanaona ni urasimu. Sababu yake ni CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii. Ajali ya kazi ofisini haina ubishi mkubwa. Ukianguka nyumbani saa nne asubuhi ukiwa umebeba mafaili, mtu atauliza kama ulikuwa kazini au ulikuwa unaanika nguo. Anwani na saa zikiwa kwenye avenanti, angalau una pa kuanzia. Na ukiumia, mjulishe mwajiri siku hiyohiyo kwa ujumbe wa maandishi, si kwa simu tu.

Sasa saa. Hapa ndipo watu wa Lubumbashi wanapoibiwa bila mwizi. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Dar es Salaam iko mbele yetu kwa saa moja. Johannesburg na Ndola wako sawa na sisi. Basi bandari ya Dar inapofika saa kumi na moja jioni, kwetu ni saa kumi, na Kinshasa ni saa tisa tu, watu wameshiba na wanaanza kuitisha mikutano. Makao makuu ya Kinshasa yakifunga saa kumi na moja yao, huku ni saa kumi na mbili jioni na wewe ulianza saa mbili ili kuwahi Dar. Andika kwenye avenanti: "saa za Lubumbashi". Maneno matatu. Na mkikubaliana uwahi Dar, basi jioni Kinshasa wakusubiri kesho. Au uchelewe kuanza kwa ajili ya Kinshasa. Miji miwili ukiifuata mwanzo hadi mwisho, saa 45 zako zinaisha kabla ya wiki ya kazi kuisha.

Kuran

Kuran ni umeme. Hili ndilo linalovunja mipango mingi, nami nitakaa hapa kidogo.

SNEL, shirika la umeme, ikikata, nani anapata hasara? Kampuni nyingi hazijajibu swali hili, zinangoja siku litokee ndipo wagombane. Kanuni niliyoiandika ni fupi: mfanyakazi anatuma ujumbe mmoja ndani ya nusu saa, anaingia kwenye kazi zisizohitaji mtandao, na kuran isiporudi hadi mchana anakuja ofisini kwenye jenereta, nauli juu ya kampuni. Siku hiyo analipwa kama siku nyingine. Asiyetuma ujumbe ndiye anayeulizwa. Mkurugenzi aliona nauli ni gharama. Nilimwonyesha gharama ya kontena kukaa Kasumbalesa kwa sababu tamko la forodha limechelewa, akasaini.

Weka tayari orodha ya kazi za giza. Kwetu ni kulinganisha fakturi (ankara) na orodha za mizigo, kuandika ripoti, kusoma mkataba wa mteja, kupanga mafaili. Zishushe kwenye kompyuta asubuhi wakati mtandao upo. Anayetafuta cha kufanya baada ya kuran kukatika ameshachelewa.

Kama kampuni inakuuliza unataka kompyuta gani, omba ya mapajani, hata ikiwa ndogo kuliko ya mezani. Ina betri yake, na hula wati 50 hivi, wakati ya mezani pamoja na skrini hula mara mbili au tatu ya hapo. Kwa wanaofikiria kununua betri na inverta, fanyeni hesabu kabla ya kwenda dukani, maana muuzaji atakuuzia kubwa. Betri ya volti 12 na ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200 kwenye karatasi. Ikiwa ni ya asidi, usiinywe zaidi ya nusu, la sivyo itakufa mapema. Zinabaki 600. Kompyuta 50, modemu 10, taa ya LED 10, jumla 70. Toa kinachopotea ndani ya inverta, unabaki na kama saa saba. Siku ya kazi karibu nzima, bila kelele wala petroli. Friji usiiguse hapo.

Kuran inaporudi, usikimbilie. Volti hupanda na kushuka dakika za kwanza, na ndizo zinazounguza chaja. Chomoa kila kitu inapokatika, subiri taa itulie, ndipo uchomeke, na kama kampuni inaweza kununua stabilizatere (kifaa cha kutuliza volti), iandikwe kwenye orodha ya vifaa. Miezi ya mvua, kuanzia Novemba hadi karibu na Aprili, radi zetu hazina mchezo: ikianza kunguruma, chomoa ukuta mzima, pamoja na waya wa antena.

Na jambo la uhai, si la kazi. Jenereta haikai ndani, haikai barazani, haikai chini ya dirisha. Vilevile mbabula, yaani jiko la makaa. Juni na Julai asubuhi ni baridi, unakaa saa nyingi bila kusogea, unashawishika kuingiza mbabula yenye makaa chumbani na kufunga mlango. Moshi unaoonekana si ndio unaoua. Hewa ya sumu ya makaa haina rangi wala harufu. Vaa sweta, jifunge kitenge miguuni.

Mega na simu

Ukilipwa mega kwa risiti, utachoka. Wanaouza mega barabarani hawana risiti, na mhasibu hataki kusikia. Njia iliyotufaa ni kiasi kimoja cha dola kila mwanzo wa mwezi, kinachotumwa kwa Airtel Money au M-Pesa, sawa kwa wote wanaofanya kazi nyumbani siku zilezile. Mhasibu anabaki na ujumbe wa uthibitisho. Mfanyakazi akibana matumizi, kinachobaki ni chake. Akiangalia mpira kwa mega hizo, ni juu yake.

Kiasi chenyewe kitokane na kazi halisi. Mkutano wa saa moja wenye video unaweza kula zaidi ya gigabaiti moja. Sauti tupu haifiki hata megabaiti 100. Ndiyo maana kanuni yetu inasema kamera hufungwa, isipokuwa mkutano na mteja au mgeni anayejitambulisha. Iandikwe hivyo, ili kijana wa komini ya Katuba hapa mjini asionekane mvivu mbele ya wenzake wa Kinshasa wenye fiba.

Kwenye kompyuta, ingia kwenye mipangilio ya mtandao uiambie kuwa muunganisho huu unapimwa. Itaacha kushusha masasisho makubwa katikati ya siku. Simamisha pia programu zinazonakili mafaili mawinguni, uziachie usiku au siku ya ofisi. Watu wanaosema mega zinaibiwa na mtandao wa simu, mara nyingi mwizi yuko humo ndani ya Windows.

Kuwa na laini mbili za mitandao tofauti ni lazima. Vodacom, Airtel na Orange haziangukii siku moja mara kwa mara. Na ile ya kazi iwe ya kazi: namba ambayo unaweza kuizima saa kumi na moja bila mama yako Likasi kukukosa. Kuhusu Starlink, intaneti ya setilaiti, ilipata kibali cha ARPTC, mamlaka ya mawasiliano, mwaka 2025, kwa hiyo sasa inazungumzika. Lakini ikiwa kampuni inakulipia, iandikwe ni mali ya nani, maana ile sahani juu ya paa lako itazua kesi siku ya kuachana.

Siri za wateja

Nitapita haraka. Kompyuta ya kampuni inatoka ofisini na hati ya kutoa kifaa na desharji (karatasi ya makabidhiano) iliyosainiwa, yenye namba ya mashine. Mlinzi wa lango asiifungulie kwa sura. Nyumbani, watoto hawaigusi, hata kwa katuni. Nakala za fakturi za mteja hazichapwi kwenye sekretaria, duka la kuchapa, la kona ya avenyu, kwa sababu faili linabaki kwenye mashine yao na yeyote anaweza kulifungua. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi ina sheria ya mambo ya kidijitali inayogusa pia taarifa binafsi za watu. Pasipoti za madereva zimelala kwenye WhatsApp yako, jua hilo. Fungua kundi la kazi, futa picha za hati kila wiki. Na usikae dirishani na kompyuta jioni ukiwa umewasha taa na pazia wazi. Hapo unawaonyesha wapita njia.

Kuchungwa

Mkurugenzi wetu aliwahi kutaka kila mtu atume picha ya meza yake kila saa.

"Mama RH," aliniuliza, "nitajuaje kama wanafanya kazi?"

"Shefu, hapa ofisini unajuaje?"

Alicheka, lakini swali lake ni la haki. Jibu letu ni kazi zinazohesabika. Mwandaaji wa matamko ya forodha ana mafaili yake: yaliyofunguliwa, yaliyowasilishwa, yaliyokwama na kwa sababu gani. Saa mbili asubuhi anaandika kwenye kundi salamu na mafaili ya siku. Jioni anaandika yaliyoisha. Basi. Mkubwa anayepiga simu mara kumi kuuliza "uko wapi?" anakula saa alizolipia. Lakini na wewe, ukipigiwa saa za kazi, pokea au jibu ndani ya robo saa. Ukiwa msalani, robo saa inatosha.

Lupango

Kwetu mtu aliye nyumbani ana nafasi. Ndivyo tunavyoelewa. Shangazi atakutuma sokoni, jirani atakuachia mtoto "dakika mbili tu", kamati ya ndoa itakufanya katibu, na fundi wa maji atakuja saa unayozungumza na Durban. Wanaokusumbua si wabaya. Hawajaona kazi inayofanywa bila kutoka langoni. Kwa hiyo usingoje ukasirike. Kabla ya siku ya kwanza, waketishe wote, wakubwa kwa wadogo, uwaambie saa zako na mshahara unatoka wapi. Taja ada ya shule. Ada inaeleweka haraka kuliko maneno "kazi ya mtandaoni".

Kisha weka alama isiyohitaji maelezo. Mimi natundika kitenge cha bluu mlangoni: kikiwapo, niko kwenye mkutano, hata nyumba ikivuja. Kisipokuwapo, unaweza kubisha. Watoto walikielewa kabla ya watu wazima. Chagua mtu mmoja wa kupokea wageni, na mpe sentensi ya kusema: "Yuko kazini, anatoka saa saba." Asiseme "yupo ndani", kwa sababu mgeni wa kwetu akisikia yupo ndani anaingia.

Mama mkwe ni sura ya pekee. Akija, unatoka, unamsalimu kwa heshima zote, unamkalisha, unampa maji, na unamwambia mwenyewe, si kupitia mtoto: "Mama, niko kazini hadi saa saba, tutakula bukari pamoja." Bukari ndiyo ugali wetu. Dakika tano hizo ziombe kwenye kundi la kazi. Ni rahisi kuliko kueleza ukoo mzima baadaye kwa nini ulimpita ukiwa na simu sikioni. Kilio kwa jirani nacho kina nafasi yake: nenda asubuhi kabla ya saa za kazi au jioni, na mazishi omba ruhusa kama ungekuwa ofisini. Usiende kilioni na kompyuta. Nimeona.

Wanaopanga lupango moja na wengine na kuchangia bili ya SNEL, jiandaeni kwa lawama: "huyu wa kompyuta ndiye anayemaliza kuran." Waonyeshe hesabu. Kompyuta ya wati 50, saa 9, siku 22, ni kilowati-saa 10 kwa mwezi. Resho, jiko la umeme, ya wati 1,500 inamaliza kiasi hicho kwa chini ya saa saba za kupika. Anayechemsha maharage kwa umeme Jumamosi na Jumapili amekushinda. Hata hivyo ongeza kitu kidogo kwenye mchango wako. Amani ya lupango ina bei yake na si kubwa.

Kelele hazitaisha. Mashini ya kusaga mahindi, kanisa lenye vipaza sauti, spika za baa. Kaa chumba cha mbali na avenyu hata kama ni kidogo. Vaa vifaa vya masikioni vyenye maikrofoni karibu na mdomo, na uifunge maikrofoni kila usipozungumza.

Mwili

Kochi ni la wageni. Kaa kwenye kiti cha meza ya kulia chakula, inua kompyuta juu ya madaftari ya zamani hadi macho yako yaone ukingo wa juu wa skrini bila kuinamisha shingo, na utumie kibodi ya nje. Hiyo haiko ghali, iombe kwenye avenanti. Miguu ikining'inia, kreti tupu ya bia ya Simba chini ya meza inafaa sana. Mchana toka mbele ya skrini. Bukari linalolikiwa juu ya kibodi halishibishi, na alama za vidole vyenye sombe (mboga ya majani ya muhogo) hazitoki kwenye herufi.

Jioni, funga kompyuta, itie kabatini, ondoa kitenge. Meza irudi kuwa ya watu. Ikibaki wazi, saa tatu usiku utakuta unajibu barua ya Kinshasa.

Kurudi ofisini

Mpango huu unaweza kuisha, na usiishe kwa simu ya Jumapili jioni. Kwenye avenanti yetu kila upande unatoa taarifa ya wiki mbili kwa maandishi, isipokuwa kuna dharura ya mteja, na hata hiyo ina kikomo cha siku. Siku ya kurudisha vifaa, peleka kila kitu na orodha yake: kompyuta, chaja, modemu, stabilizatere, laini ya simu. Iwashwe mbele yenu wote wawili, muone inafanya kazi, ndipo desharji mpya isainiwe, na ile ya zamani iandikwe juu yake kuwa imefutwa. Usiache hata chaja kwa ahadi kwamba utaileta kesho. Nakala tatu: moja ya RH, moja ya mkuu wa idara, moja yako. Yako usiiache kwenye droo ya ofisi.